Fimbo ya Baba kwenye Ploti ya Shosho

Nitaanza na aibu yenyewe, ili anayetaka kucheka acheke mapema tuendelee: mimi Komora, mtoto wa Garsen, mwenye digrii niliyoifunga kwa karatasi ya plastiki isilowe, niliwahi kumfanya mama wa watu atoe godoro lake nje kwenye mvua, kwa sababu tu nilikuwa natafuta nyumba ya kupanga. Sikumfukuza wala sikumtukana. Nilisimama tu na fimbo, na mdomo wangu ukafanya mengine.

Kabla ya fimbo kulikuwa na kukosa usingizi. Nilipopata kazi Nairobi (ukarani wa hesabu katika kampuni ya kusafirisha mizigo, baada ya kukaa nyumbani hadi majirani wakaacha kuniuliza habari za kazi, na mkiona watu wameacha kuuliza jueni mambo yamekuwa mabaya), kila mtu alifurahi isipokuwa mimi, maana kila nikijilaza swali lilikuwa lile lile, nitaishi wapi? Nikisema Rongai, kodi nafuu, lakini nasikia watu wa huko hutoka nyumbani watoto wamelala na hurudi watoto wamelala, sasa mimi nisiye na mtoto nitajuaje kama nimerudi? Nikisema Umoja, kuna magari mengi ya mjini, lakini kuna mtu kwenye simu ameandika kwamba maji ya bomba ni ya bahati. Nikisema Kitengela, naambiwa ni pazuri, kuna hewa, na mimi huogopa mahali panaposifiwa kwa hewa. Mwishowe nikasema upande wa barabara ya Thika ndiko kwangu, kwa sababu mabasi ya kwetu yanayopita Hola na Garissa huingilia huko, na mama akiugua naweza kudandia moja bila kuvuka jiji zima. Nikalala kidogo. Kisha nikaamka tena, maana nilikuwa sijafikiria maji.

Sisi watu wa mto hatuanzi kwa kuuliza nyumba ina vyumba vingapi. Tunauliza maji yalifika wapi. Mto Tana hujaa hata kama Garsen hakuna wingu, mvua ikiwa imenyesha huko juu milimani, na nimekua nikihama na kuku na redio kwenda kulala kando ya lami, juu ya tuta, huku shamba letu la mpunga likiwa limezama na paa la jiko likionekana kama kofia ya mtu anayeoga. Baba ana fimbo yake ya kazi hiyo. Ni ndefu kunishinda, ina pete za rangi nyekundu alizozipaka mwenyewe, na maji yakianza kusogea huichomeka mlangoni na kukaa kuitazama. Pete ya chini ikizama tunafunga vitu, ya pili ikizama tunaondoka, na hakuna mtu wa kubishana na fimbo.

Nilipomweleza baba wasiwasi wangu, hakucheka.

"Nyumba usiende kuiona jua likiwaka," alisema. "Jua lina heshima, huficha aibu za watu. Nenda mvua ikinyesha uone maji yanapita wapi. Chukua hii."

Mama aliponiona nimeibeba hadi kituo cha basi alishika kiuno. "Komora! Unaenda kuandika hesabu ama unapeleka ng'ombe mnadani?"

Ningeiacha pale pale. Kutoiacha ndio uamuzi mdogo ninaoulaani hadi leo. Lakini nilifikiri (mimi hufikiri sana, mmeshaona) kwamba nikiiacha na nyumba yangu ijae maji, baba atasema "si nilikupa fimbo", na hilo lingeniuma kuliko maji. Nikaiingiza kwenye buti la basi.

Nairobi nilifikia kwa Jillo, binamu yangu, anayeendesha bodaboda Githurai na kuishi katika chumba kimoja ambamo mguu wangu ulilala chini ya jiko la gesi. Kazi ilikuwa ianze Jumatatu. Jumamosi ikaamka na mvua, mvua ile nzito ya Nairobi ya msimu ule, na mimi badala ya kununa nikafurahi, nikaruka, nikamwambia Jillo hii ndiyo siku. Kulikuwa na chumba nilichokiona kwenye simu, katika mtaa mmoja mbele kidogo ambao sitautaja jina, kodi ninayoiweza, steji hatua chache tu kutoka getini, magari ya mjini yanapita bila kukoma. Kilichobaki ni maji tu.

"Msee, na hizo viatu zako za interview utafika?" Jillo aliuliza. Akanivutia gambuti zake, viatu virefu vya mpira, kutoka chini ya kitanda, kisha akanitupia koti lake la kazi, lile la kijani linalong'aa lenye mistari ya kumulika gizani. "Vaa reflekta, hiyo haiingizi maji." Akanitazama nilivyosimama mlangoni na fimbo. "Sasa unaenda kuona nyumba ama kukamata mamba?"

Tulicheka sote wawili. Hakuna aliyeona alichopaswa kuona.

Ploti yenyewe ilikuwa mstari wa vyumba vya mabati na mawe vinavyoteremka kutoka getini hadi kwenye kijito chenye migomba ukingoni. Chumba kilichokuwa wazi kilikuwa cha kwanza kabisa juu, karibu na geti. Mtu wa kawaida angebisha, angeuliza mwenye ploti ni nani, angeonyeshwa chumba, angesema asante. Mimi nikaona aibu kumsumbua mtu kabla sijajua kama mahali panafaa (nikipakataa baada ya kukaribishwa chai, nitamtazamaje?), kwa hiyo nikapita geti lililokuwa wazi, nikateremka moja kwa moja hadi kwenye kijito, nikaichomeka fimbo ya baba kwenye tope, nikasimama nikiitazama. Kisha nikatoa simu nikapiga picha migomba. Nikapiga picha msingi wa chumba cha mwisho. Nikarudi nyuma, nikakunja uso, nikapiga picha ploti nzima kutoka chini hadi juu.

Sasa niwakumbushe kitu ambacho mimi nilikijua vizuri sana, maana nilikisoma kwenye simu usiku wote nikiwa Garsen. Msimu ule, waliojenga kandokando ya mito Nairobi walikuwa wakibomolewa. Walikuja kwanza watu wenye makoti yanayong'aa, wakapima, wakapiga picha, halafu alama nyekundu ikapakwa ukutani, halafu tingatinga. Nilizisoma habari hizo, nikawahurumia watu wale, na wala sikujiona nilivyovaa.

Pazia la chumba cha mwisho likasogea. Halafu la pili. Mlango ukafunguka akatoka mama mmoja wa makamo, mwenye leso kichwani na unga wa mandazi hadi kwenye viwiko, na nyuma yake msichana aliyevaa sare ya shule ingawa ilikuwa Jumamosi. Baadaye nilijua mama huyo anaitwa Mama Sharon, na msichana ndiye Sharon mwenyewe.

"Mmekuja kwetu pia?" aliniuliza.

Mnajua mtu anayefikiri sana akiulizwa swali hutafuta jibu kamili. Nilianza kujiuliza, "mmekuja" ni nani, mimi niko peke yangu, au hapa wapangaji huja kwa makundi, au labda ameniona na mtu mwingine getini. Nilipomaliza kuwaza hayo, kimya changu kilikuwa kimeshamjibu. Aligeuka akaita juu kwa sauti ambayo sijaisahau: "Shosho! Wamefika!"

Watu wakatoka vyumbani. Wakateremka na miavuli, wengine na mifuko ya plastiki vichwani, na mbele yao akaja bibi kizee mwembamba, aliyejifunga shali, akishikilia ukuta asiteleze. Huyo ndiye Shosho, yaani bibi, mwenye ploti. Marehemu mume wake alikuwa amejenga vyumba vile kimoja kimoja, na kodi yake ndiyo iliyokuwa inamlisha. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Karibu, mkubwa. Karibu sana, injinia. Tuambie tu ukweli, sisi ni watu wa kuelewa. Maji yatafika kwangu?"

Hapa ndipo ningesema, "Shosho, mimi natafuta nyumba." Maneno manne tu. Na naapa yalikuwa mdomoni. Lakini wote walikuwa wamenyamaza wakinitazama, na tangu nimalize chuo hakuna mtu, hata mmoja, aliyekuwa amenyamaza ili nizungumze mimi. Na swali lenyewe lilikuwa la maji! Kitu pekee duniani ninachojua bila kukisoma. Kifua kikapanuka, nikainua fimbo ya baba, nikaanza kufundisha.

"Mto ukijaa," nikasema, "hautapita pale mnapodhani. Utaingilia kwa ile migomba, utapinda hapa kwenye choo, na chumba hiki cha mwisho ndicho kitakachoingiwa kwanza. Kwanza hapa," nikaugusa ukuta wa Mama Sharon kwa ncha ya fimbo, "halafu hapa, halafu hapa." Na kwa kuwa ile ncha ilikuwa na tope jekundu, kila nilipogusa iliacha alama.

Mama mmoja akasema, "Uwi, ameshaipiga alama."

Mama Sharon aliutazama ukuta wake. Aliingia ndani akatoka amebeba godoro mgongoni, akaliegemeza nje kwenye ukuta, mvua ikilinyeshea, akarudi kufuata sufuria. Yule msichana akaanza kulia bila sauti huku akikusanya vitabu vyake. Nikasema, "Mama, ngoja, si leo." Si leo! Nilidhani nampoza. Mkiwa na adui, mpeni mtu kama mimi amfariji.

Shosho akanivuta mkono hadi nyumbani kwake juu. Akaniketisha kwenye kiti chenye kitambaa cha kufuma, akanipa chai ya maziwa na chapati mbili zilizokunjwa, akakaa akinitazama nikila. Kila nilipofungua mdomo niseme ukweli aliniongezea chai, na nilipomaliza nikafungua tena, akatoka nje akarudi na kuku jike mwekundu aliyefungwa miguu kwa kamba ya katani.

"Hii si hongo," alisema, akinisogezea ile kamba. "Ni ya watoto wako. Ukifika kwa wakubwa waambie kuna mwanamke mzee."

Nikamchukua kuku. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na jibu la kweli ni kwamba kumkataa kungehitaji maelezo, na maelezo yangehitaji ujasiri, na mlango ulikuwa wazi. Nikatoka getini na reflekta, fimbo, gambuti na kuku, na watu wa ploti nzima wakinipungia mkono kwa heshima, na pale steji mtu mmoja akanipisha kwenye foleni ya magari akisema, "Mkubwa atangulie."

Jillo alicheka hadi akashuka kitandani akaketi chini. Alinifanya nirudie sehemu ya kuku, kisha sehemu ya "si leo", kisha akaniuliza kama tutamla kwa wali au kwa ugali. Halafu ghafla akaacha.

"Na huyo mama amehamia wapi?"

"Sijui."

"Komo, hakuna anayekuja kubomoa pale."

"Najua."

"Wewe unajua. Yeye hajui." Akamtazama kuku, aliyekuwa ametulia kando ya jiko kama mgeni mwenye adabu. "Mimi siwezi kula hii kitu. Irudishe."

Asubuhi ya Jumapili nikavaa shati langu la ofisini, bila reflekta, nikashika kuku kwapani na fimbo mkononi (niliichukua nikidhani nitaitumia kueleza, ona akili), nikarudi. Njiani nilikuwa nimetunga maelezo mazuri, yenye mwanzo, kati na mwisho, ya namna mimi na Shosho tutakavyokaa peke yetu tumalize jambo kimya kimya. Nikakuta ploti nzima uwanjani. Shosho alikuwa ameita mkutano, na mkokoteni ulikuwa getini umepakiwa kitanda cha Mama Sharon, meza yake na karai lake la kukaangia mandazi. Waliponiona wakasimama. Mzee mmoja akavua kofia.

"Injinia," alisema Shosho. "Umerudi na jibu?"

Maelezo yangu mazuri yakapotea yote. "Mimi si injinia," nikasema. "Mimi si wa serikali. Mimi nilikuja kutafuta nyumba."

Jamaa mmoja aliyekuwa na mswaki mdomoni akautoa. "Kwa hivyo wewe ni mpangaji?"

"Hata si mpangaji. Ni mtu anayetafuta kuwa mpangaji."

"Na ile reflekta?"

"Ya binamu yangu. Ni mtu wa bodaboda."

"Na hiyo fimbo?"

"Ya baba yangu. Yuko Garsen."

"Na kuku?"

"Kuku ni wa Shosho."

Kicheko kilianzia kwa watoto kikapanda hadi kwa wazee, na hakikuwa kicheko kizuri, kilikuwa na meno. Mmoja akasema huyu ni Musa, amekuja na fimbo lakini bahari imemkataa. Mwingine akasema tumfungie chooni hadi mto ufurike tuone utapinda wapi. Jamaa wa mswaki akaniita mla chapati za wajane, na hilo ndilo lililonichoma, kwa sababu zilikuwa mbili na nilizimaliza. Nilisimama pale masikio yakiwaka. Shosho alinichukulia kuku taratibu, akampapasa kifua kama anayempima, akauliza, "Alikula jana?"

"Alikula, Shosho. Alitaga pia." Nikatoa yai mfukoni nikampa. (Watu wakacheka upya. Sikuwa na mahali pengine pa kuliweka.)

Lakini Mama Sharon hakucheka. Alikuwa ameketi ukingoni mwa mkokoteni wake, na aliponiita nilienda kama mwanafunzi.

"Kijana, nijibu kitu kimoja. Maji yataingia kwangu ama hayataingia?"

Nikafikiri. Nikajizuia kufikiri. "Sijui, mama. Najua maji ya kwetu. Ya kwetu huja polepole, hutandaa, hukaa. Haya ya hapa sijawahi kuyaona. Niliongea tu kwa sababu mlikuwa mnanisikiliza."

"Mimi nimekaa hapa tangu Sharon anatambaa," alisema. "Hayajawahi kupita migomba. Nilikuwa nalala. Jana tumelala kwa jirani, watu wanane, na mvua ilipoanza tena usiku nikaona fimbo yako akilini. Leo nikirudi pale nitaiona tena. Sasa mimi nihame kwa hiyo 'sijui' yako? Niende wapi, na wateja wangu wote wa mandazi ni wa steji hii? Umeniondolea usingizi, kijana. Utanirudishia na nini?"

Nilitazama juu, nikakiona kile chumba karibu na geti, mlango wazi, sakafu kavu, dirisha linalotazama steji. Chumba nilichokiwaza tangu Garsen. Kodi ninayoiweza, magari mlangoni, juu kuliko vyote, mahali ambapo hata baba na fimbo yake wasingepata la kusema. Nikatazama chini, migombani. Na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikupima pande mbili.

"Shosho," nikasema, "kile cha juu mpe Mama Sharon. Mimi nipe cha kwake."

"Cha mwisho?" aliuliza jamaa wa mswaki. "Kile ulichosema kitaingiwa kwanza?"

"Hicho."

Shosho alimtazama Mama Sharon, akanitazama mimi, akalitazama lile yai mkononi mwake. "Mama Sharon atalipa kodi yake ile ile ya chini," alisema. "Na wewe utalipa kodi yako, na Jumamosi mbili utanifyekea ile migomba. Karai la mama literemsheni."

Tangu hapo nimeapa kwamba nikiulizwa swali la mimi ni nani nitalijibu kabla halijamalizwa, na kwamba nikialikwa chai kwa heshima isiyo yangu nitaacha kikombe kimejaa. Siku ile sikuwa na nafasi ya kuapa. Niliingia kati ya mikono ya mkokoteni nikauvuta mwenyewe hadi mlango wa juu, nikashusha kitanda, nikashusha meza, na Sharon akanikabidhi vitabu vyake kimoja kimoja bila kunitazama. Lile godoro lililolowa nililitandaza juu ya paa la choo likauke. Kisha nikamwita Jillo aniletee begi langu. Akalishusha kwenye bodaboda, akateremka nalo hadi chumba cha mwisho, akatazama kijito, akanitazama mimi.

"Msee," alisema, "ploti yote hii, na unakaa hapa?"

"Hapa," nikasema, nikaichomeka fimbo ya baba kando ya mlango, nikaingia ndani nikaanza kufagia.